Mume Wangu Alitangulia Hatua Moja

Leo nimeshangilia mpaka sauti ikakauka. Sasa natamani ningenyamaza.

Mnajua nimeolewa wiki sita tu, na Kariuki wangu bado namtazama kama siku ya harusi. Yeye humwongoza Maina, mkimbiaji asiyeona. Hukimbia wakiwa wameshika kamba moja. Kwenye mashindano haya ya walemavu huko ng'ambo, timu yetu nzima ni watu wanne.

Tulikuwa tunatazama mbio kwenye runinga kwa mama mkwe, huko Kiriaini. Wakamaliza wa tatu. Mama akapiga vigelegele hadi majirani wakaja.

Halafu matokeo yakatoka bila jina la Maina.

Kumbe kiongozi haruhusiwi kuvuka mstari mbele ya mkimbiaji wake. Kariuki wangu, kwa furaha, alitangulia hatua moja.

Amenipigia sasa hivi akilia. Hata harusini hakulia, jamani.

Anasema Maina alikuwa bado ameshika kamba, anatabasamu. Akamwambia, "Ndugu yangu, nisomee ubao wa matokeo. Tuko namba ngapi?"

Ikabidi amsomee.

Alhamisi nitawapokea wote wawili uwanja wa ndege. Niambieni, nimkumbatie nani kwanza?