Mahari Yangu na Vyumba Vitatu vya Kushoto

Tarishi wa korti alipobandika karatasi kwenye mlango wangu pale mtaani Usagara, nilikuwa uani nachambua mchele. Mume wangu, aliyezoea kuuchambua pamoja nami, alikuwa kijijini Moa, mwaka wa pili sasa, kwa mwanamke mwingine. Nilisikia nyundo nikadhani ni kwa jirani. Nilipotoka, tarishi alikuwa amekwisha kushuka barazani, na karatasi imepigiliwa misumari minne kwenye mlango nilioununua kwa fedha zangu. Nilichokiona kwanza si habari ya mnada. Niliona jina la mume wangu limeandikwa kwa wino, nikalisoma kama barua niliyokuwa nikiingojea. Ndivyo nilivyokuwa mjinga.

Karatasi ilisema nyumba itauzwa kulipa deni lake la mbata. Tangu aondoke alikuwa akinunua mbata, zile nazi zilizokaushwa, vijijini upande wa Moa, na kumletea tajiri mmoja wa mjini. Tajiri ndiye aliyemkopesha fedha za kununulia. Bei ikaanguka, magunia mengine yakaota ukungu, na bwana wangu akabaki na deni. Hayo yote niliyapata kwa watu. Yeye mwenyewe hakuniletea hata salamu ya mdomo, talaka hakuniandikia, na matumizi ndiyo usiseme.

Nyumba ile tuliijenga wawili. Mimi niliuza minazi yangu ya urithi ya Tongoni, niliyoachiwa na mama, na yeye akatoa mshahara wake, maana wakati huo alikuwa karani wa mizani, anapima marobota ya mkonge bandarini. Ilikuwa nyumba ya kawaida ya kwetu: ukumbi katikati, vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto, uani nyuma. Tulitaniana kwamba kulia ni kwangu na kushoto ni kwake, na nikimkasirikia nilimwambia arudi upande wake. Alitii kweli. Alichukua mto akavuka ukumbi, na baada ya muda akaja kugonga mlango akiomba chumvi, kama jirani aliyehamia jana. Nilicheka hata nilipokuwa nimeapa kwamba sitacheka.

Lakini stakabadhi za kodi ya kiwanja zote zilikuwa na jina lake peke yake. Kosa hilo ni langu. Mara nyingi nilikwenda kulipa mimi, na karani alipouliza jina, niliona haya kutaja langu na hali nina mume. Wanawake wa rika langu jina la mume tulilivaa kama kanga, tukajisitiri nalo. Hakuna aliyetuambia kwamba mdai naye huja kulisoma.

Shangazi yangu, dada wa baba, alifika kabla ya adhuhuri. Ndiye aliyenilea, na ndiye aliyekuwa somo yangu, yaani aliyenifunda nilipoolewa. Ulimi wake ulijulikana mji mzima. Nilimpa shikamoo, akaitikia huku anaikodolea macho ile karatasi, akataka nimsomee yote, nisiruke neno. Nilipomaliza akasema twende kwa kadhi. Nusu ya nyumba ni yangu na mashahidi wapo: aliyenunua minazi yupo, fundi yupo, na kina mama waliokuja kwa msaragambo kunisaidia kukandika kuta wapo wote. Nikamwuliza, na nusu ya pili je? Ikiuzwa, mnunuzi ataingiza wapangaji, nami nitapishana na wageni ndani ya ukumbi wangu. Nitapika wakinitazama chungu. Hiyo haitakuwa nyumba yangu tena.

Shangazi akanitazama kama mtu aliyepungukiwa akili.

"Weye mahari yako ulimaliziwa?"

Nikauvuta ungo wangu wa mchele.

"Mia moja alitoa siku ya ndoa," akasema. "Mia nne zilibaki, zimeandikwa kwenye cheti. Basi na weye unamdai, tena deni lako la mwanzo kuliko la huyo wa mbata. Mwambie kadhi vile vyumba vya kushoto unavitaka kwa mahari yako."

Lakini mahari ile nilikuwa nimekwisha kuisamehe.

Kwetu mwanamke ana haki ya kumsamehe mumewe mahari iliyobaki, na akishatamka kwa hiari yake, basi, hana tena la kudai. Wengi husamehe mume akiwa mgonjwa wa kufa, mbele ya watu, ili asiondoke na deni. Mimi niliharakisha. Ilikuwa siku tuliyopigilia bati la mwisho. Mafundi walikuwa wamekwenda kula, na mvua ya mchana ikashuka. Tukakimbilia chumba cha kwanza cha kushoto, bado hakina mlango. Mume wangu akasimama katikati, uso juu, akingoja pavuje. Halikudondoka hata tone. Akacheka mpaka akajishika magoti, kisha akaniambia, kwa kupaza sauti maana mvua ilikuwa ikipiga kelele, kwamba sasa imebaki mahari yangu tu na mwezi ujao ataanza kuilipa. Nikamvuta nikamwambia sikioni: nimekusamehe, yote, Mungu shahidi. Akanifuta maji usoni kwa kiganja chake, na mtu yule ambaye hakukosa neno siku zote, siku ile alikosa. Nikiambiwa leo nichague siku moja tu ya maisha yangu niirudie, sitaomba muda wa kufikiri.

Jambo hilo tulilijua sisi wawili tu. Shangazi sikumwambia, angenila nyama. Nikaenda kwa kadhi, madai yakaandikwa, mume wangu na tajiri wa mbata wakaitwa, na ule mnada ukasimamishwa mpaka shauri lisikilizwe.

Siku zile za kungoja nilijisemea kwamba naiwazia nyumba. Uongo mtupu. Nilikuwa nawaza kwamba nitamwona. Asubuhi ya shauri nilifukiza buibui langu udi, na shangazi alipofika akanusa, akauliza kama tunakwenda kushtaki au tunakwenda harusini. Nikamjibu kwamba sanduku lilikuwa na uvundo.

Mume wangu alikuwa amekonda. Shati lake halikuwa na kifungo cha juu, na nikamkasirikia yule mwanamke wa Moa kwa kifungo kuliko nilivyowahi kumkasirikia kwa mume. Alitusalimu wote kwa pamoja, hakunitazama. Mimi nilimtazama vya kutosha kwa wawili. Miaka miwili nilikuwa nimetayarisha maneno ya kumwambia siku nikimwona, makali yote, na pale nilitaka tu kujua amekula nini asubuhi.

Kuhusu nusu yangu hapakuwa na mabishano makubwa. Mashahidi walisema, kadhi akaandika. Kisha tukafika kwenye mahari. Kadhi, mzee mpole mwenye miwani, akasoma cheti, akaniuliza kama zile mia nne nililipwa. Nikasema sikulipwa, na hiyo ilikuwa kweli. Lakini tajiri hakuwa mtu wa jana. Akaomba niulizwe kama sikusamehe, maana wanawake wengi husamehe, halafu mambo yakiharibika husahau.

"Binti yangu," kadhi akasema, "ulimsamehe mumeo mahari yako?"

Msahafu ulikuwa juu ya meza mbele yangu. Nikisema ndiyo, vyumba vya kushoto vimekwenda. Nikisema hapana, nimemdanganya Mungu niliyemfanya shahidi, na nimeitukana siku yangu moja. Nilikaza macho kwenye jalada la msahafu. Shangazi alinifinya paja chini ya buibui. Hata leo sijui ningesema nini, kwa sababu kadhi aliona hali yangu, pengine akadhani ni haya, akasema kwamba anayefaa kudai kuwa alisamehewa ni yule aliyesamehewa. Akamgeukia mume wangu akamwuliza yeye.

Hapo nikajua yamekwisha. Kusema ndiyo kulikuwa faida yake tupu. Deni langu lingekufa, vyumba vyake vingeuzwa, tajiri angelipwa, na yeye angerudi Moa akiwa huru. Kusema hapana ni kubaki na deni la mbata shingoni bila kitu cha kulilipia, na watu walikuwa wakifungwa kwa madeni madogo kuliko lile.

Aliishika shingo ya shati lake, pale palipokosa kifungo. Kisha akasema, "Hakunisamehe, Shehe. Deni lake ninalo."

Kadhi akaandika kwamba deni langu lilitangulia, na kwamba mume wangu ananipa vyumba vyake vya kushoto kuwa mahari yangu. Tajiri alinung'unika, wakapatana palepale kwamba atalipwa kidogo kidogo kila mwezi. Shangazi alikuwa akimshukuru Mungu kwa sauti. Nyumba ikawa yangu yote, kulia na kushoto, nami nilikaa pale nikihisi kama mtu aliyeibiwa. Kwa neno moja alikuwa ameifuta ile mvua. Nilijiuliza kama amesahau kweli, na wazo hilo liliniumiza kuliko Moa, kuliko karatasi mlangoni. Ningempa tajiri vyumba vyote sita ili niambiwe kwamba hakusahau.

Nje, shangazi alikuwa ametangulia anatafuta viatu vyake. Mume wangu akanipita kwa karibu, akasimama kidogo, bado hakunitazama.

"Safari hii usinisamehe, mke wangu," akasema polepole.

Nikamwambia sitamsamehe. Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyekabidhiwa stakabadhi yake, akavuka barabara kwenda kutafuta gari la Moa. Kabla hajafika upande wa pili nilikuwa nimekwisha kumsamehe kila kitu, yule mwanamke na ile miaka miwili. Nilichoshindwa ni kumwita arudi.