Mama mkwe alivyofua filta ya tanki langu la samaki

Wakuu, hamjambo humu ndani?

Wanaonifahamu wanajua huwa naongeza chumvi. Leo chumvi nimeiacha jikoni, nasimulia kilichonipata hapa hapa Engutoto, Arusha. Palipozidi mtapaona wenyewe.

Sebuleni nina tanki la samaki. Kubwa kiasi kwamba mgeni akiingia anavua viatu akidhani amefika ufukweni. Ndani kuna samaki wadogo wa mapambo, guppy na tetra, na mimea hai, siyo ile ya plastiki.

Shida ni mke wangu, Mama Neema. Anauza chai na maandazi, na kabati lake la kioo lilipasuka. Tangu siku hiyo analiangalia tanki langu kama fundi cherehani anavyompima mteja.

Akaniambia, "Baba Neema, hayo maji yakinuka hata mara moja, samaki utawatafutia pa kwenda. Mimi napanga maandazi humo."

Nikaapa: hayatanuka.

Sasa, maji yasinuke inategemea filta, na filta ni media, yaani vile vitu unavyojaza ndani ili maji yapite. Filta yangu ni ndoo niliyoitengeneza mwenyewe, na ndani yake nilianza na kipande cha godoro. Kikaziba haraka. Nikabadilisha: maji yanakoingilia nikaweka sponji lenye matundu makubwa, likafuata laini, mwisho mawe.

Mawe gani? Yale mekundu ya volkano, mepesi, yenye matundu kama mkate. Tunaokaa chini ya Mlima Meru kununua ya dukani ni kujitakia. Niliokota shambani kwa rafiki yangu upande wa magharibi wa mlima. Alicheka mpaka ng'ombe wakageuka: "Shamba lote hili, umependa kilichonishinda kulima!"

Jiwe unalidondoshea siki kwanza. Likitoa povu, liache, litabadilisha maji yako. Lisipotoa, lisuuze mpaka maji yaache kuwa mekundu.

Kwenye yale matundu wanaishi bakteria. Hili nilisoma shule ya jioni, nikitoka kazini na grisi ya vipuri vya pikipiki mpaka kwenye nyusi, na ndicho kipindi pekee ambacho sikusinzia. Samaki wanajisaidia humo humo, uchafu unageuka amonia, amonia ni sumu. Bakteria wanaibadilisha, mimea inakula kinachobaki. Kwa hiyo ule ute wa kahawia kwenye sponji msiuone uchafu. Ndiyo injini yenyewe.

Basi akaja mama mkwe kututembelea kutoka Machame.

Yule mama anapenda usafi, wakuu. Sufuria zake unaweza kunyolea ndevu.

Jumamosi narudi kutoka kazini, nakuta sponji zangu zimening'inia kwenye kamba katikati ya vitenge, zinang'aa, zinanukia sabuni ya unga. Mawe yameanikwa juu ya bati. Na mama mkwe mwenyewe amekaa kwenye kigoda, miguu ndani ya beseni, anasugua visigino kwa jiwe langu!

"Karibu baba. Nimekusafishia ile ndoo yako, ilikuwa na matope. Na haya mawe ni mazuri kweli."

Wakuu, mama mkwe haambiwi "umeharibu."

"Shikamoo mama. Ahsante, umefanya kazi kubwa." Machozi yakashukia ndani.

Nikasuuza sabuni yote na kurudisha kila kitu, lakini injini ilishakufa. Kesho yake maji yakawa kama ya kuoshea mchele. Guppy wakapanda juu kuhema. Tetra mmoja akafa. Mama Neema akaja na sinia lake la maandazi, akalipima juu ya tanki.

Nikasema hapana. Tanki hili halilali na maandazi nikiwa hai.

Nikaacha kuwalisha samaki. Kila siku nikatoa maji kiasi na kuweka mapya, yaliyolala kwenye ndoo wazi ili klorini, ile dawa ya maji ya bomba, ipungue. Kisha nikaenda mtaa wa Kwa Mrombo kwa Elibariki, mfugaji mwenzangu wa samaki, nikamwomba kipande cha sponji chafu kutoka kwenye filta yake. Akakitia kwenye kopo pamoja na maji ya tanki lake. Nikalibeba kama nabeba mtoto wa kubatizwa.

Mama mkwe akanikuta nakiingiza kwenye filta.

"Baba Neema! Nimefua vizuri, wewe umeenda Kwa Mrombo kuomba uchafu?"

Nikapiga moyo konde. "Mama, ukigandisha maziwa nyumbani, kibuyu unakiosha kwa sabuni ya unga?"

"Sabuni? Yatagandaje? Unabakiza ya zamani kidogo."

"Basi mama, filta yangu ndiyo kibuyu."

Akaitazama kamba ya nguo. Akakitazama kisigino chake.

"Yesu wangu. Kumbe nilikumwagia mgando! Mbona hukusema?"

"Ningesemaje, mama?"

Alicheka akashika ukuta. Nadhani Moshi walisikia.

Maji yalichukua muda, lakini yalirudi. Samaki wengine wote walipona, na mimea ikaanza kutoa majani mapya. Mama Neema alipojaribu tena, "Hilo sponji limekuwa jeusi, lifuliwe," alijibiwa na mama yake mzazi: "Muache mwenzio na mgando wake!"

Nilichojifunza: media isioshwe kwa sabuni wala maji ya bomba. Chota maji ya tanki kwenye beseni, kamua sponji humo taratibu, usilimalize lote siku moja. Mawe yatikise tu. Na waelezeni watu wa nyumbani mapema, hata wale mnaowaogopa kwa heshima.

Mama mkwe ameshaondoka, na jiwe moja limeondoka naye. Visigino vyake sasa ni kama vya bibi harusi.

Nyie mnatumia media gani, na mnaisafishaje? Karibuni mnirekebishe. Na anayemjua fundi kioo mzuri pale Kaloleni amtaje hapa haraka, nimtengenezee mke wangu kabati. Sasa hivi naandika, na Mama Neema amepita tena na sinia.