Mlango wa Hapana

Siku ninayoikumbuka hata nisipotaka, mwanangu, ni siku moja ya gulio pale Nagongera, miaka ile ya sitini uhuru ungali mchanga. Najua sijazeeka vya kutosha kugawa nasaha. Mvi zimenitangulia tu, nami nimeona heri nizitumie.

Nilikuwa mwanachuo wa Kampala, mwenye tai moja na maoni mengi. Siku chache kabla ya gulio hilo nilikuwa nimeketi kwenye viti vya wageni Bungeni, nikimtazama mbunge wetu, Mheshimiwa Yokana. Palikuwa na mswada wa kumtaka kila anayevuka kwenda Kenya awe na kibali. Yokana aliomba kiongezwe kifungu kimoja: mfiwa avuke kwenda kuzika bila kibali. Ombi kama hilo halijadiliwi mpaka mbunge wa pili asimame kuliunga mkono. Wawili walikuwa wamemwahidi. Mmoja akatazama dari. Mwingine akawa anatafuta kalamu aliyoishika mkononi. Ombi likafia hapo.

Ikaja kura ya mswada wenyewe. Wa ndiyo hutokea mlango mmoja, wa hapana mlango mwingine. Wenzake walisongamana kule kwa ndiyo, wakitaniana. Yokana akaenda kwenye mlango wa hapana peke yake, viatu vyake vikisikika sakafuni. Nilitamani kupiga makofi, lakini wageni hawaruhusiwi.

Basi pale Nagongera akaitisha mkutano kando ya gulio. Wa kwanza kusimama alikuwa Mama Nafula, aliyezaliwa ng'ambo, upande wa Kenya, akaolewa Buteba, upande wetu wa Uganda.

"Mheshimiwa, mimi nauliza moja tu. Baba yangu yuko mgonjwa kule Busia ya Kenya. Akikufa, mimi nakwenda ama sikwendi?"

Kabla Yokana hajajibu, muuza samaki wakavu mmoja akadakia: "Atakuambia nini, Mama? Wote walisema ndiyo, na yeye ndani!"

Wanasema ulimi hauna mfupa. Wangu, zaidi ya hayo, ulikuwa umesoma. Nikasimama, nikanyoosha tai.

"Uongo! Nilikuwako! Huyu alikataa peke yake. Hakuna hata mmoja aliyemuunga mkono!"

Nikangoja vigelegele. Badala yake kikapasuka kicheko.

"Hata moja?" akauliza muuza samaki. "Omera, ndugu yangu, sasa hii ni mbunge ama ni mchawi?"

"Kidole kimoja hakivunji chawa," akasema mzee mmoja. Yeye hakucheka, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Ndipo nikakumbuka jambo ambalo chuo kilikuwa kimenisahaulisha. Kwetu Kisoko mtu akiita watu wamlimie, akapika pombe ya wimbi, na asije hata jirani, hakuna anayemwita jasiri. Watu huulizana amewafanyia wenzake nini. Nami nilikuwa nimesimama mbele ya gulio zima kutangaza kwamba mbunge wetu aliita na hakuna aliyekuja.

Yokana alijaribu kusema. Watu walikwisha kugeukia mihogo na mbuzi. Mama Nafula naye alijitwika kapu lake akaondoka bila jibu. Tukabaki wawili na mabenchi.

"Umenisifia jeraha," akaniambia, pole pole, kama mtu anayezungumza na mgonjwa. "Yule mama aliuliza habari za baba yake. Ungemwambia nilichoomba. Umemwambia nilivyobaki."

"Lakini ule ni ushujaa, Mheshimiwa."

"Ushujaa gani? Nilitafuta mtu mmoja, nikamkosa. Nikilala nawaza hilo."

Akavaa kofia yake, akaenda kumtafuta Mama Nafula katikati ya vibanda. Hakuniita nimfuate. Nikamwona kwa mbali akimweleza, mama akisikiliza bila kuweka kapu chini.

Yule mzee wa Busia alifariki kabla ya mvua. Kibali cha bintiye hakikutoka kwa wakati. Mama Nafula akafanya jambo ambalo sijaliona tena: akakaa matanga nyumbani kwake Buteba, bila maiti, saa ileile walipokuwa wakimzika baba yake ng'ambo. Nilikwenda. Tulikuwa wachache, tumekaa tukielekea mashariki, hatusikii kilio chochote kutoka huko. Yokana alikuwa amefika kabla yangu, ameketi mkekani kando ya mama. Hakutaja Bunge. Nami nikavua tai, nikaketi kando yao.

Basi, mwanangu, ukilazimika kupita mlango usio na mwenzio, pita. Lakini umtafute huyo mwenzio mapema, na ukimkosa, usiuvae upweke wako kama nishani. Ukimwona mtu amesimama peke yake, usimshangilie ukiwa kitini. Msogelee. Na kama huwezi kumfikia, basi sema alichokiomba mpaka wengine wakisikie.

Mungu akupe sauti, na akupe japo mtu mmoja wa kusimama utakaposimama. Akikunyima huyo, akujalie wewe uwe huyo mmoja kwa mwingine. Nenda kwa amani.