Maji ya Kutazama

Kwa miaka kumi na tisa, mwanamke mmoja mfupi, miwani ikining'inia kwa uzi shingoni, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuingia katika wodi ya kusafishia damu. Hakuwa muuguzi. Alifanya kazi chumba cha nyuma, kwenye mitungi mirefu ya kuchujia, mabomba na pampu zinazonguruma, na kazi yake ilikuwa moja tu: maji yanayokwenda kwenye mashine yawe safi kuliko maji ya kunywa. Mtu ambaye figo zake zimekufa huunganishwa na mashine hizo mara tatu kwa wiki, na maji hupita jirani kabisa na damu yake. Yakiwa mabaya, hakuna tena nafasi ya kuomba radhi. Wagonjwa walimwita Mama Maji. Wengi hawakulijua jina lake, naye hakuona haja ya kuwaambia.

Mwaka ule kaka yake mkubwa naye akawa mgonjwa wa wodi ile.

Kaka huyu watu walimwita Greda, kwa sababu maisha yake yote aliendesha greda la kusawazisha barabara. Alikuwa mjane, na watoto wake wanaishi mbali, kwa hiyo Mama Maji alimchukua akae kwake, katika chumba kinachotazamana na sebule. Enzi za kazi, Greda alipanda kwenye mtambo na dumu la lita tano la maji. Likiisha kabla ya mchana, alilijaza tena. Sasa daktari alimpa glasi mbili kwa siku, na humo imo chai, umo mchuzi. Akizidisha, miguu huvimba na pumzi hubana. Mama Maji alimkuta zaidi ya mara moja amesimama bafuni, bomba limefunguliwa, anasikiliza tu.

Alasiri moja, wametoka wodini, Greda alisema, "Mdogo wangu, kama maji siruhusiwi kuyanywa, basi nipatie ya kutazama."

"Ya kutazama vipi?"

"Tangi. Lile la kioo. Nimeliona kwenye gazeti pale tunaposubiri. Si la samaki wa bwawani, hapana. La maji ya chumvi, lenye matumbawe."

"Kaka, hilo kazi yake si ndogo."

"Na wewe kazi yako ni kuuza karanga?"

Mume wa Mama Maji, fundi wa viatu mwenye karakana yake hapo hapo barazani, alicheka mpaka sindano ikamchoma. "Mke wangu, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Umeshayavulia miaka kumi na tisa."

Basi wakaanza. Kioo kilikuwa cha lita mia mbili, na Mama Maji alimweleza mumewe kwamba kikijaa, pamoja na mawe na mchanga, kitazidi uzito wa watu watatu wanene. Meza ikachomelewa kwa chuma. Greda, aliyekuwa hawezi kubeba hata ndoo, akadai apewe pimamaji. Alipiga magoti kwa taabu, akaiweka juu ya meza, akalitazama lile povu dogo ndani ya kioo chake, akatikisa kichwa.

"Sakafu yenu imelalia upande wa dirisha. Mmeishi humu miaka yote hiyo hamkujua?"

"Shemeji, sisi hatumwagiki," fundi viatu alijibu.

Lakini alikwenda barazani akakata vipande vya soli ya mpira, akaviingiza chini ya mguu wa meza, kimoja baada ya kingine, mpaka Greda aliposema inatosha. Ilimchukua Greda robo saa kusimama. Hakuna aliyemharakisha.

Maji hayakutoka wodini. Sista mkuu alimtania Mama Maji kwamba achote tu mapipa mawili, nani atajua. Mama Maji akamwambia maji ya wodi yana wenyewe. Alifunga chujio dogo jikoni, likadondosha siku nne kujaza pipa. Kisha akatia chumvi ile maalumu ya kutengenezea maji ya bahari, akaacha pampu ikoroge mchana kutwa, akadondosha tone moja kwenye kipima chumvi na kukielekeza dirishani. Kaka yake alitaka kuangalia pia. Mume naye. Walipokezana kile kidude kama darubini ya kutazamia mwezi.

Mawe waliyapata kwa mtu aliyekuwa akihama, aliyelivunja tangi lake. Yalikuja yamefungwa kwa magazeti yaliyoloa, yametoboka-toboka kama mkate ulioumuka vizuri. Hayo ndiyo yanayobeba uhai wenyewe: vijidudu visivyoonekana, vinavyokula uchafu wa samaki kabla haujawa sumu. Lakini vingi vilikuwa vimekufa njiani, na wiki ya kwanza nyumba ilinuka. Wateja wa viatu walianza kusimama mbali na mlango.

"Sasa tunaweka samaki lini?" Greda aliuliza.

"Bado. Kwanza sumu ipande, halafu ishuke yenyewe. Wiki sita, pengine nane."

"Na mganga wa maji mwenyewe hawezi kuharakisha?"

"Hawezi."

Greda akasema, bila kumtazama, "Haya. Aliyezoea kusubiri figo atashindwa kusubiri samaki?"

Kila jioni Mama Maji alichota maji kidogo kwenye kichupa, akatia matone ya dawa, na wote wawili wakatazama rangi ikija. Kijani maana yake sumu. Njano maana yake salama. Kwa wiki nyingi ilikuwa kijani. Greda akajifunza kushika kichupa mwenyewe, akikilinganisha na kadi ya rangi kwa jicho moja, kama alivyokuwa akipima mteremko wa barabara. Mawe yakaota utando wa kahawia, kioo kikawa kama dirisha la gari lililopita kwenye tope. Mama Maji, ambaye wodini hakuvumilia hata tone sakafuni, alijizuia asiusugue.

Wiki ya nne, Greda alimwita kwa sauti iliyomfanya aje mbio, akidhani kaka yake kaanguka. Alikuwa ameinama, pua inagusa kioo.

"Tazama pale, chini ya lile jiwe la kushoto. Usipumue."

Kutoka katika tundu lisilozidi upana wa punje ya mchele, kitu kilikuwa kimechanua, kama unyoya wa kuku mdogo, mweupe wenye pete za kahawia. Mama Maji aliposogea, kikazama ndani mara moja. Ni mnyoo wa baharini aliyesafiri ndani ya jiwe, kwenye magazeti, kwenye uvundo ule wote, akiwa hai.

"Nani kamnunua huyu?" Greda aliuliza.

"Hakuna."

"Basi kaja mwenyewe." Akakaa pale mpaka chakula kikapoa.

Wiki iliyofuata mvua kubwa zilinyesha mfululizo. Jumanne alfajiri Mama Maji alifika wodini, akakinga maji yanayotoka kwenye mtungi wa makaa ya kunasa klorini, akatia dawa ya kupimia klorini. Kichupa kikageuka waridi. Akakimwaga, akakiosha, akapima tena kwa dawa mpya kutoka pakiti nyingine. Waridi. Maji ya mji yalikuwa yametiwa dawa nyingi kwa sababu ya mafuriko, na makaa yalikuwa yamechoka kabla ya wakati wake. Klorini ikifika kwenye damu huvunja chembe zake. Mtu anaweza kuondoka kwenye kiti akiwa maiti.

Akatoka na kichupa mkononi, akaingia ukumbini. Wagonjwa kumi na mmoja walikuwa wamekaa, wengine na mito yao mapajani.

"Leo hatuungi mtu," alisema. "Maji si salama. Tunabadilisha machujio. Nawaomba msamaha."

Kwanza kimya, kisha kelele. Mama mmoja aliyesafiri kutoka mbali alianza kulia. Mwanamume mmoja aliyevimba uso alisimama akishikilia ukuta. "Tangu Jumamosi sijaungwa. Unataka nife? Rangi rangi tu, kichupa tu! Angekuwa ndugu yako ungemfanyia hivi?"

Mama Maji alikiinua kichupa juu, wote wakione.

"Ndugu yake ni mimi," Greda alisema. Alikuwa kwenye kiti cha pembeni, viatu amevua kwa sababu miguu haikuingia. "Sisi baba mmoja, mama mmoja. Nami narudi nyumbani. Keti, bwana, usije ukaanguka."

Yule mwanamume aliketi. Hakuacha kunung'unika, na alikuwa na haki yake. Sista alipiga simu huku na huko, akapata nafasi mbili katika hospitali nyingine, akawapa waliokuwa na hali mbaya kuliko wote: yule mwanamume na yule mama. Greda hakuwa miongoni mwao.

Mama Maji hakurudi nyumbani siku ile. Yeye na mafundi wawili walimwaga makaa ya zamani, wakajaza mapya, wakasuuza, wakapima, wakasuuza tena. Fundi viatu ndiye aliyekaa na shemeji yake. Greda hakuweza kulala chali. Alikalishwa kwenye kiti mbele ya tangi, mito mgongoni, akivuta pumzi kama mtu anayepanda kilima. Glasi ya maji ilikuwa mezani. Hakuigusa. Kesho yake mchana kichupa kilipobaki cheupe mara tatu mfululizo, alikuwa mtu wa tatu kuunganishwa.

Siku kadhaa baadaye, wakiwa wawili tu sebuleni, alimuuliza dada yake, "Ulipotoka kusema yale, uliniangalia?"

"Sikukuangalia."

"Nilijua."

"Ningekuangalia, Kaka, ningeunga mashine."

Greda akanyoosha mkono wake, ule wenye mshipa uliotengenezwa kwa ajili ya sindano, akaushika wa dada yake. Hawakuwa watu wa kushikana mikono.

Wiki ya nane rangi ikawa njano, ikakaa njano. Walileta konokono wachache wa kusafisha kioo, kisha samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe, na kipande cha tumbawe laini chenye mikono midogo inayoyumba. Mifuko yao ya plastiki ilielea juu ya maji nusu saa ili wageni wazoee joto. Greda aliifungua mwenyewe. Yule samaki mdogo alimfukuza mkubwa tangu dakika ya kwanza, na fundi viatu akasema ndoa hiyo anaifahamu.

Greda aliwatazama kwa wiki kumi na moja. Moyo wake ulisimama asubuhi ya Jumapili, katika kiti kile, kabla ya chai. Mama Maji alikuwa jikoni. Alipotoka alijua kabla hajafika.

Watu walijaa nyumbani siku kadhaa. Viti vilitolewa, vikarudishwa. Sufuria za majirani ziliingia na kutoka. Hakuna aliyekumbuka tangi, isipokuwa shangazi yao mmoja mzee, aliyeona maji yamepungua, akaona huruma, akachota ndoo ya bombani akalijaza mpaka juu. Alimwambia Mama Maji mwenyewe, kwa furaha: "Mwanangu, nimewanywesha samaki wa marehemu."

Mama Maji aliinama kutazama. Samaki mkubwa alikuwa amelala ubavu nyuma ya mawe, amekufa. Yule mdogo alipumua haraka karibu na pampu, na tumbawe lilikuwa limejikunja kama ngumi. Shangazi aliuliza kama amekosea.

"Hapana, Shangazi. Ahsante. Umefanya vizuri kuwakumbuka."

Alimsubiri mzee aende kulala. Ndipo akavua kitenge cha begani, akapandisha mikono ya blauzi, na kwa mara ya kwanza tangu Jumapili akalia kwa sauti, kichwa kikiwa kimeegemea kioo. Mumewe alisimama mlangoni. Hakusema chochote cha kuchekesha.

"Tulivunje?" alimuuliza, alipoona ametulia. "Nikitaka nitapata mtu wa kulichukua."

"Sijui."

"Basi usijue leo."

Pipa la jikoni lilikuwa na maji safi yaliyokwisha kutiwa chumvi, yaliyobaki tangu wiki iliyopita. Alipima tone moja. Yalifaa. Alimwomba mumewe ashike mpira wa kunyonyea maji, uingie kwenye ndoo, asiachie mpaka amwambie, na wakaanza kutoa maji yale yenye klorini, ndoo ya kwanza, ndoo ya pili, polepole, ili yule aliyebaki asishtuke.