Tulia, Mbwa wa Mdogo Wangu

Wiki mbili zilizopita mdogo wangu alinipigia simu kutoka nyumbani kwetu, huko juu ya Soni. Mbwa wa jirani amezaa, binti wa mdogo wangu anataka mtoto mmoja wa mbwa, na kicheche amekwishawabebea vifaranga tisa. "Dada, panda uje tuchague," akasema. "Nataka tufanye kama Bibi." Mimi nilikuwa Tanga nachambua mchicha, na nakwambia kweli, mkono ulisimama. Mtu mzima mimi, watoto wangu wananipita urefu, lakini kusikia tu "kama Bibi" wivu ukanirudia vilevile kama zamani. Kana kwamba Bibi alikuwa wake peke yake!

Bibi ndiye aliyetulea, wazazi wakiwa kazini kwenye mkonge huko chini. Mimi nilikuwa mkubwa, na ukubwa kule ulikuwa kazi. Asubuhi ukungu umeshuka mpaka mlangoni, vidole vimekufa ganzi, mimi ndiye wa kwenda chemchemi, mimi ndiye wa kuokota kuni za miti ya miwati. Nikirudi namkuta mdogo wangu amekaa jikoni kwenye kigoda ubavuni kwa Bibi, moto unamwakia miguuni, anapuliza uji. Bibi alimwita "mke mwenzangu", ule utani wa bibi na mjukuu, wakacheka. Mimi aliniita jina langu, na nikiitwa nilijua ndoo iko tupu.

Bibi alikuwa na jicho la mbwa. Si maneno yangu, watu walipanda kutoka Soni na wengine walitembea kutoka Mlola kuja kumchukua awachagulie mbwa wa kukaa na kuku. Alikuwa na njia yake. Alibeba kuku mwenye vifaranga ndani ya tenga, akafika penye watoto wa mbwa, akalipindua tenga chini likamfunika kuku, kisha akawaachia vifaranga watoke. Halafu akakaa kimya. "Usimtazame mkia," alikuwa akisema. "Mtazame macho akiona kifaranga."

Mwaka ule mbwa wetu mzee alikufa, na Bibi akasema sasa ni zamu yetu. Akatuambia kila mmoja ajichagulie wake, na ambaye mbwa wake atafaulu ndiye atakayekuwa mwangalizi wa kuku pamoja naye, na atapewa mtetea mmoja awe wake. Wee! Usiku na mchana niliwaza mtetea yule. Hata hivyo si mtetea hasa niliyemtaka. Nilitaka kile kigoda cha jikoni, asubuhi, Bibi akichanganya pumba za kuku.

Siku ya kwenda kuchagua nilibeba tenga mimi, kama kawaida, wao wawili wakitangulia wameshikana mikono. Wa kwangu alikuwa mweusi, miguu myeupe, mchangamfu kuliko wote. Wa mdogo wangu alikuwa wa kahawia, amepooza, nikamcheka. Vifaranga vilipotoka, mweusi wangu akaruka, akakamata kimoja kwa ubawa, ikabidi Bibi akitoe mdomoni. Yule wa kahawia alisogea kunusa, mama kuku akamdonoa pua kupitia upenyo wa tenga. Akakaa chini. Akageuza uso pembeni, kama mgeni aliyekuta watu wanakula.

"Huyu," Bibi akasema. Basi, neno moja tu.

Mdogo wangu akamwita Tulia. Na kweli alitulia. Vifaranga vililala juu ya mgongo wake vikiota jua, na mwewe akipita alibweka mpaka kuku wote waingie chini ya migomba. Majirani walikuja kumwangalia. Bibi akawa anasimulia, "Mke mwenzangu ndiye aliyemwona, ana jicho langu huyu." Mimi nimesimama pale na ndoo kichwani, maji yananichuruzika shingoni, nasikia kila neno. Nilimwonea wivu mdogo wangu, nikamwonea wivu mbwa. Ndiyo, mbwa! Aliitwa kwa upole kuliko mimi.

Sijawahi kumsimulia mtu hili linalofuata. Mchana mmoja Bibi alikuwa shambani kwenye maharage na mdogo wangu amemfuata. Niliingia bandani, nikachukua yai kwenye kiota cha yule mtetea aliyepewa mdogo wangu. Nikalivunja. Nikampaka Tulia kiini mdomoni, akalamba, mbwa gani asingelamba? Maganda nikayaweka kwenye jivu pale alipozoea kulala. Halafu nikaenda zangu kuchota maji, nikachelewa kusudi.

Kwetu mbwa mla mayai dawa yake ni moja. Yai linachemshwa, linatolewa likiwa la moto kabisa, mbwa anatiwa mdomoni na taya zinashikwa, ili asahau mayai maisha yake yote. Bibi hakuwa mkatili, ndivyo walivyofanya wote. Alitazama maganda muda mrefu, akatazama na mdomo wa Tulia. Kisha akainjika sufuria. Mdogo wangu alilia, "Bibi, si yeye! Bibi, hawezi!" Mimi nilikuwa mlangoni. Ningeweza kusema. Ile sauti ya Tulia bado ninayo masikioni.

Tangu siku hiyo hakukanyaga tena karibu na banda. Kuku akitetea tu, yeye anakimbia hadi mwisho wa migomba. Haukupita mwezi kicheche akachimba chini ya mabanzi, akamaliza banda, na mtetea wa mdogo wangu humohumo. Bibi akamtoa Tulia kwa mkulima wa Mlola, akalinde mahindi yasiliwe na nyani. Nilimwona akishuka njia amefungwa kamba, anageuka nyuma kila hatua. Mdogo wangu aliugua kwa kulia, Bibi akambeba mgongoni siku mbili. Na mimi, Mungu anisamehe, nikamwonea wivu hata kile kilio.

Ijumaa iliyopita nikapanda. Binti wa mdogo wangu alinipokea, "Shikamoo, mama mkubwa," mikono yote miwili, macho yanang'aa. Tukaenda kwa jirani na tenga letu. Vifaranga vikatoka. Watoto wa mbwa wawili wakavikimbiza, wa tatu akadonolewa, akakaa chini, akageuza uso.

"Mama, huyu!" mtoto akaruka. "Huyu huyu!"

Mdogo wangu akamtazama yule mbwa muda mrefu, kama Bibi alivyotazama yale maganda. Kisha akaanza kuwarudisha vifaranga ndani ya tenga. "Hapana, mwanangu," akasema. "Hata Tulia wangu alikaa hivi hivi, halafu akaja kula mayai. Tutaweka waya tu bandani. Mbwa haaminiki."

Mtoto akaniangalia mimi. Midomo imeanza kumtetemeka.

"Hakula," nikasema.

"Nani?"

"Tulia. Yai nililivunja mimi. Nikampaka mdomoni."

Nilitegemea kelele, hata kofi ningelipokea. Mdogo wangu alibaki ameinama, kifaranga mkononi, mpaka kikaanza kulia kwa kubanwa. Akakiachia. Akamchukua yule mtoto wa mbwa, akamweka mikononi mwa binti yake. Ndipo akaniangalia.

"Unajua kwa nini Bibi hakuchagua mbwa tena?" akaniuliza. "Watu wa Mlola walikuja, akawarudisha mlangoni. Akasema jicho lake limekufa. Wakati anaumwa, mimi nikimgeuza kitandani, alikuwa anaomba radhi kwangu. Kwangu! Kwamba alinichagulia vibaya."

Kaburi la Bibi liko pale chini ya mpeasi, ningeweza kwenda kuliambia, lakini kaburi si Bibi. Jikoni kwake pamejengwa choo cha matofali, na kigoda kile hakuna ajuaye kilikokwenda.

Mama na mwana wakatangulia wameshikana mikono, mbwa amefungwa ndani ya kanga. Nikaliinua tenga, kuku ananidonoa vidole, nikawafuata nyuma. Bibi alichagua sawasawa, na hayupo wa kumwambia.