Kasida za Baba na Kompyuta Mbili

Mama alikuwa anakaa eda ya baba, na kompyuta ya marehemu ilikuwa chumbani kwake, hataki iondolewe. Kasida zote alizozirekodi baba zilikuwa humo. Nilizitaka kwenye laptopu yangu, lakini matundu ya flashi ya kompyuta hiyo yalikuwa yameliwa na chumvi ya bahari. Ikabaki waifai, na mashine zenyewe, kila moja na mfumo wake, hazikuwa zikionana.

Fundi kutoka Kerege akataka kuingia chumbani. Nikamkatalia kwa ukali: mwanamume asiye maharimu haingii kwa mwanamke aliye edani! Basi akakaa sebuleni na laptopu, akawa ananituma kwa mama kubonyeza hiki na kile. Kila ikigoma, namfokea mtoto wa watu bure.

Kumbe laptopu yangu mpya ndiyo iliyokuwa inakataa njia za kizamani za kompyuta ya baba. Fundi akaziruhusu, folda ikatokea. Akafungua faili la kwanza. Baba akakohoa kidogo, akatoa salamu: "Assalaam aleikum."

Nyuma ya pazia mama akaitika, "Waaleikum salaam. Mbona umechelewa leo?"