Mkono Kwanza, Maziwa Baadaye

Mume wangu Zenon alipohama aliniachia vitu viwili: pikapu ya dizeli isiyopenda asubuhi za baridi, na shati lake jeupe la kwaya lililokuwa limeanikwa kwenye kamba. Shati alilisahau. Pikapu hakuisahau. Aliipiga starti mpaka betri ikalia kama mbuzi, ikagoma, akapanda bodaboda na begi lake mapajani akaenda kwa Getruda, mwimbaji wa sauti ya kwanza. Mpaka leo naishukuru pikapu ile kwa kugoma.

Mimi ni Bertilla, nakaa mjini, mtaa wa Chanji. Nilizaliwa kijijini Msanzi, kwenye nyumba ambayo watoto wa kiume walipelekwa shule na sisi wa kike tukapelekwa kwenye mashamba ya ulezi. Kusoma nilikuja kujifunza ukubwani, kwa masista, jioni baada ya kazi. Udereva nao niliupata kwa macho, nikikaa pembeni ya Zenon tulipokuwa tukibeba mahindi. Alipoondoka nikaenda kuutafutia leseni, na mwalimu wa udereva alisema hajawahi kuona mwanafunzi anayejua kuitukana gia kabla hajajua kuiingiza.

Kitu kimoja nilikuwa nakijua vizuri kuliko Zenon, nacho ni kumimina mafuta. Tanki letu lina ufa katikati, tangu siku ile alipopita juu ya jiwe huku akimpungia mtu mkono. Huyo mtu nilikuja kumfahamu baadaye. Kwa sababu ya ufa huo, ukijaza kituoni mafuta yakapita nusu, yanayozidi yanabaki barabarani. Kwa hiyo tunaweka kidogo, mengine tunabeba kwenye dumu, na njiani mtu mmoja anashuka, anachomeka faneli, anamimina. Mtu huyo nilikuwa mimi. Zenon hakugusa dizeli miaka yote ya ndoa yetu.

"Shika wewe, mama Jenifa," alikuwa akisema, akitazama kucha zake. "Mimi naongoza kwaya. Hii mikono kanisa zima linaitazama."

Na kweli lilikuwa linaitazama, hasa sauti ya kwanza, mstari wa mbele.

Nikaanza biashara ya maziwa. Upande wa Msanzi kuna familia za Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao, na mmoja wao, Kija, alikubali kuniuzia maziwa ya asubuhi. Nayapeleka mjini, Katandala, kwenye mgahawa wa Redempta, ambao chai yake ya maziwa inafuatwa na watu kutoka mitaa ya mbali kwa miguu, na kwa baridi yetu ya Juni hilo si jambo dogo. Hiyo ndiyo kazi yangu, sina nyingine. Shamba liligawanywa na ndugu zake Zenon. Mimi niligawiwa maneno ya faraja.

Basi siku moja Redempta alitoka jikoni na kikombe mkononi, akakiweka mbele yangu.

"Kunywa."

Nikanywa. Nikajua.

"Haya niambie, dada," akasema. "Maziwa haya yametoka kwa ng'ombe au kwa trekta?"

Wateja wakacheka. Mzee mmoja akasema yeye ameshakunywa vikombe viwili, kama ni hivyo asogezwe mbali na jiko.

Kosa lilikuwa mikononi mwangu. Naongeza mafuta njiani, nafika kwa Kija, nachuja maziwa kwa kitambaa, nakikamua kwa vidole hivi hivi. Na maziwa hayana siri, harufu yoyote yanayoipata yanaitangaza. Halafu hali yetu ya hewa haisaidii. Baridi inapasua ngozi, dizeli inaingia kwenye mipasuko na kujikalia humo kama mpangaji asiyelipa.

Nikaanza vita. Nilinawa kwa sabuni, nikanawa kwa majivu, nikajisugua kwa limau mpaka machozi yakanitoka na jirani akanipa pole akidhani nimemkumbuka Zenon. Nikavaa mifuko ya mkate mikononi na kuifunga kwa mpira. Ikatoboka, dizeli ikaingia ndani ikakosa pa kutokea, nikafika kwa Kija mikono imelowana kama samaki wabichi. Ng'ombe wake mwekundu alininusa akarudi nyuma hatua kadhaa, na Kija akashika kiuno.

"Mayu," akaniambia, kwani kwao ndivyo wanavyomwita mama, "huyu hajawahi kumkimbia hata fisi."

Nikachukua lile shati la kwaya nikalifunga kwenye shingo ya dumu ili linyonye matone. Hapo nilipata faraja fulani, lakini usafi haukuongezeka sana. Mwisho nikafanya upumbavu ambao nadhani ni sisi tu wa huku tungeufanya: nilijipaka mafuta ya nywele ya binti yangu Jenifa, yale ya waridi, mengi, mpaka kwenye viwiko, nikijua harufu mbili zikipigana moja itashindwa. Hazikupigana. Zilipatana.

"Leo dizeli imevaa manukato," Redempta akasema alipoonja. "Inaenda harusini?"

Lakini safari hii hakucheka na wenzake. Alinivuta kando, karibu na mlango wa jikoni.

"Sikiliza, dada yangu. Watu wanaanza kuagiza chai ya rangi. Na Getruda ameniletea neno, anataka kuniuzia maziwa, amepata kwa Masunga, jirani wa huyo Kija wako. Baba Jenifa ndiye atakayeyaleta."

Nilihisi masikio yanawaka. Mume amechukua, mstari wa mbele kanisani amechukua, sasa na ndoo.

"Kesho mje wote wawili," Redempta akaendelea. "Nitachagua mmoja, na huyo ndiye nitakayekwenda naye. Na kuanzia kesho mtindo wangu ni mmoja: mkono kwanza, maziwa baadaye. Mkono unanuka, sifungui hata mfuniko."

Jioni ile nilimimina dizeli mapema, nikapima kwa kijiti mpaka chini kidogo ya ufa, kisha nikanawa mpaka ngozi ikawa kama ya mtoto mchanga. Asubuhi gari likawaka kwa kubembelezwa. Nilifika kwa Kija sijagusa chochote zaidi ya usukani, na hata huo niliufunga kanga. Nikamwomba yeye mwenyewe achuje, afunike na kupakia. Alinusa viganja vyangu akaniita mchumba. Yule ng'ombe mwekundu naye alinilamba kiwiko, nadhani kwa sababu ya waridi.

Narudi sasa. Sijafika barabara ya lami, kwenye kile kilima chenye vumbi jekundu, gari likakohoa. Likakohoa tena, likanyamaza. Baridi ilikuwa imekula mafuta kuliko nilivyohesabu.

Dumu lilikuwa nyuma. Faneli ilikuwa nyuma. Nilisimama kando ya barabara nikaitazama mikono yangu, mizuri, haina harufu, nikaificha kwapani. Nikimimina, Getruda amepata mgahawa. Nisipomimina, maziwa yataganda pale pale, na Getruda amepata mgahawa.

Nikasikia watu wanapanda kilima wakihema. Alikuwa Kasmir, dereva wa bodaboda wa Chanji, anasukuma pikipiki yenye tairi lililopasuka, na nyuma yake Zenon, koti jeusi, viatu vimekuwa vyekundu, ndoo moja ya maziwa kila mkono.

"Habari za asubuhi, mama Jenifa," akasema Zenon, akitazama miti.

"Nzuri, baba Jenifa. Naona leo umebeba mwenyewe."

"Tairi limepasuka."

"Na mimi mafuta yamekwisha."

Kasmir akaegesha pikipiki, akatutazama mmoja baada ya mwingine. "Eti yamekwisha, na dumu lile je?"

"Dumu lipo. Ila leo sigusi dizeli."

"Kwa nini?"

"Sijisikii."

Zenon akaweka ndoo chini. Nilimwona anapiga hesabu: jua linapanda, lami iko mbali, Getruda anasubiri majibu. "Basi jaza twende wote," akasema, kwa ile sauti ya kuongozea kwaya. "Si ulikuwa unajaza kila siku?"

"Nilikuwa. Ukitaka lifti, baba Jenifa, dumu lile pale."

"Mimi?"

"Kasmir ana tairi lake. Mimi nimeshasema sijisikii. Amebaki nani?"

Kasmir akakaa chini kwenye nyasi kama mtu aliyefika mpirani mapema. "Kaka, kunja mikono ya koti," akashauri.

Hakukunja. Alilishika dumu kwa ncha za vidole, kama mtu anayemshika panya kwa mkia, akachomeka faneli, akainamisha.

"Polepole," nikamwambia. "Tanki hilo linapumua."

"Najua gari langu."

Akamimina kwa nguvu. Tanki likavuta pumzi, likabeua, dizeli ikapanda ikarudi juu ya faneli na kuingia kwenye mikono ya koti mpaka viwiko. Zenon akaruka. Kasmir akalala chali kabisa.

Na hapo tulikuwa hatujafika katikati. Gari la dizeli likikauka mafuta, upepo unaingia kwenye mipira ya mafuta, na kuongeza tu hakutoshi. Lazima mtu afungue boneti, alegeze skrubu, abonyeze pampu ndogo ya mkono mpaka mapovu yaishe. Nilisimama pembeni, mikono yangu kwapani chini ya kitenge, nikawa naelekeza kwa kidevu.

"Hiyo. Hapana, ya kushoto yake. Bonyeza. Bonyeza tena. Bado linatoa mapovu."

"Mpaka lini?" akauliza Zenon, dizeli inamtiririka kwenye kucha.

"Mpaka liache. Mimi nilikuwa siulizi."

Sasa mtaniuliza kama nilimwambia habari ya mkono kwanza. Sikumwambia. Redempta alikuwa na mdomo wake, Getruda ana masikio yake, na mimi kwa miaka yote ile hakuna aliyeniambia nani anaimba sauti ya kwanza. Kama mnaniona mbaya, nioneni. Gari lilipowaka nilimpa lifti, maziwa yake nikayapakia mbali na dumu, tena nikaendesha taratibu kwenye mashimo. Ndoo zangu zilikuwa kimya. Za kwake zilikuwa zimeshatikiswa kwenye bodaboda tangu kwa Masunga, na mle ndani kulikuwa kunagonga kitu.

Tukafika Katandala. Redempta alikuwa mlangoni, aproni imefungwa, na wateja wa chai wamesogeza viti. Nadhani walikuwa wameambiwa.

"Mkono," akaniambia.

Nikatoa. Akanusa kiganja, akanusa katikati ya vidole, akageuza akanusa kucha. "Baridi tupu," akatangaza. "Na ng'ombe kidogo. Haya, baba Jenifa."

Zenon akarudisha mikono nyuma. "Mkono wa nini? Maziwa haya hapa." Na kwa haraka ya kuonyesha, akafungua mfuniko wa ndoo yake mwenyewe, akashika ukingo kwa vidole vyote, akainamisha ili watu waone mafuta ya maziwa yalivyo mengi. Waliona. Yalikuwa mabonge, siagi tayari imeanza kujikusanya, na ukingoni alama za vidole vyake, nyeusi, zinang'aa kama zimepakwa rangi.

Redempta hakuhitaji kuinama. "Baba Jenifa," akasema, "huo si mkono, hicho ni kituo cha mafuta."

"Ni gari lake!" Zenon akapiga kelele. "Nimelijazia gari lake!"

"Gari ni lake. Kidole ni cha nani?"

Yule mzee wa vikombe viwili akanyoosha mkono wake akasema anaomba chai ya mama Jenifa, na kama ipo siagi ya bure angepaka kwenye chapati, isipokuwa anaogopa kiberiti. Mgahawa mzima ukalipuka kwa kicheko, na Redempta akaingiza ndoo zangu jikoni moja baada ya nyingine. Kabla hajaingia na ya mwisho akageuka. "Kila siku, dada. Saa hizi hizi, na mikono hiyo hiyo."

Niliitikia kwa kichwa.

Zenon alinifuata kwenye gari. Hakuwa na ile sauti ya kwaya tena. "Umenifanyia makusudi, mama Jenifa."

"Nimeshika dumu hilo tangu Jenifa hajaota meno," nikasema. "Siku moja umelishika wewe, imekuwa makusudi."

Akanusa mikono yake, akakunja uso, akatazama kule kwa Getruda kana kwamba harufu ingefika kabla yake. Kisha akanisogelea, akaongea chini chini ili watu wasisikie.

"Hii inatokaje?"

Nilikuwa na majibu mengi. Sabuni, majivu, limau, mifuko ya mkate, waridi. Nikamwangalia, nikaona kwa mara ya kwanza anaishika mikono yake mbali na mwili, kama nilivyokuwa naishika yangu nikiingia kitandani kwetu ili asilalamike.

"Haitoki," nikamwambia. "Inapungua."

Akaenda kwenye ndoo ya maji iliyokuwa karibu na mlango wa jikoni, akachota kiganja, na sauti ya Redempta ikatoka ndani kama jiwe: "Wee! Hayo ni ya kuoshea vikombe!"